Mashine Kaleta Mtoto, Namba ni ya Nani?

Maneno haya niliyasema mbele ya wazee wenzangu wa Makorora, jijini Tanga, na watoto wao waliowasindikiza, mwezi wa Shaabani ukiwa ukingoni. Nimeyaandika kwa sababu wengi walikosa pa kukaa wakasikilizia dirishani, na feni ya ukumbini ilikuwa inanguruma kunishinda.

Assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Shikamooni wazee wangu. Na nyie vijana mlioegemea baiskeli huko nje, ingieni ndani, haya yanawahusu kuliko mnavyodhani.

Nimeombwa nizungumzie namna mzee anavyoweza kuangalia presha yake na sukari yake akiwa nyumbani. Kazi yangu ilikuwa uuguzi mpaka nilipostaafu, na presha ninayo mwenyewe, kwa hiyo kiti cha mpimaji nimekikalia na cha mpimwaji nakikalia.

Nianze na swali. Nani hapa nyumbani kwake kuna mashine ya presha? Nyosheni mikono. Mashallah, karibu nusu ya ukumbi. Haya, teremsheni. Sasa wanyooshe wale tu wanaojua hivi: usiku wa leo mashine ikileta namba fulani, nitamwamsha mjukuu aite bajaji twende hospitali ya Bombo, ikileta namba fulani nyingine, nitalala zangu nisubiri kliniki. Mikono naiona michache mno, na mmoja ni wa mwalimu mstaafu, ambaye tangu tumjue hajawahi kukosa jibu.

Basi hilo ndilo lililonileta. Mashine zimejaa majumbani. Mtoto yuko Dar, yuko Arusha, yuko Muscat, anatuma mashine kama zamani alivyotuma vitenge. Ni jema, Mungu awazidishie. Lakini namba peke yake haijawahi kumtibu mtu. Namba inataka mwenyewe na inataka kazi. Mwenyewe ni wewe mzee, si mtoto aliyelipa. Na kazi yake uijue kabla hujabonyeza kitufe. Namba ambayo hujui itakufanya ufanye nini, heri usiipime, itakunyima usingizi bure.

Msidhani nazungumzia maradhi ya watu wachache. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 uliopima Watanzania wa miaka 25 hadi 64 ulikuta karibu mtu 1 kati ya kila 4 ana presha ya kupanda, na takriban 9 katika kila 100 sukari yao iko juu. Na hao ni watoto wetu na wadogo zetu. Sisi tuliovuka hapo hatukuwa hata kwenye hesabu.

Tena wengi wetu tuna vipimo vyetu vya asili. Kisogo kikiuma, presha imepanda. Macho yakiona giza, imeshuka. Sisimizi wakikusanyika msalani, sukari. Huyo wa sisimizi ana ukweli kidogo, maana sukari ikizidi sana mwilini humwagika kwenye mkojo. Lakini hadi sisimizi wajue, wewe umeshachelewa. Na kisogo hakiaminiki kabisa: watu wengi wenye presha ya juu hawasikii chochote, wanakwenda sokoni Ngamiani na kurudi wakiimba, na mshipa unaumia taratibu. Anayemeza kidonge siku kichwa kinapouma na kukiacha siku kisipouma hajitibu, anabahatisha.

Tuipime basi, lakini tuipime kwa adabu zake.

Umeamka, umeswali, umekwenda msalani. Msalani kwanza, kwa sababu kibofu kilichojaa kinapandisha namba. Hujanywa chai, hujavuta sigara, hujameza dawa ya asubuhi. Kaa kwenye kiti chenye mgongo, uegemee. Si ukingoni mwa kitanda, si mkekani, si juu ya mbuzi ya kukunia nazi. Nyayo zote mbili zikanyage chini, usikunje nne. Mkono uulaze mezani, mkanda ulingane na moyo. Mkanda ufungwe kwenye ngozi, si juu ya kanzu wala juu ya mkono wa gauni. Halafu kaa kimya dakika 5, ndipo ubonyeze.

Hapo kwenye kimya najua ndipo tutakapoangukia, maana mtu wa Tanga kukaa dakika 5 barazani bila kumwamkia mpita njia ni adhabu. Ingieni ndani mfunge mlango.

Kimya kina sababu mbili. Ya kwanza, kuongea kwenyewe kunapandisha presha, hata ukiongea habari njema. Ya pili ni mashine. Sisi tulipokuwa wanafunzi tulipima kwa sikio: mkanda aliubuni Mwitaliano Scipione Riva-Rocci mwaka 1896, na sauti za damu mkononi alizieleza daktari Mrusi Nikolai Korotkov mwaka 1905, nasi tukainama na vipimo vyetu masikioni tukizisikiliza. Mashine ya betri haisikilizi. Inajaza mkanda upepo, kisha inapoupunguza inahisi mtikisiko wa mshipa, na kutokana na mtikisiko huo inakokotoa namba. Ukicheka, ukimnyooshea mjukuu kidole, ukijikuna, unaivuruga. Hata moyo unaodunda bila mpangilio huivuruga. Ikiwa kila mara mashine yako inaleta alama ya mapigo yasiyo sawa, usiidharau, itaje kliniki.

Pima mara 2, uache dakika 1 katikati. Jioni vilevile. Fanya hivyo siku 7 kabla ya tarehe yako ya kliniki. Namba za siku ya kwanza ziache, maana siku ya kwanza kila mtu ana wasiwasi. Zilizobaki ndizo zinazotafutiwa wastani, na hesabu ikikushinda mwachie muuguzi. Wastani wa nyumbani ukifika 135 kwa 85 au kupita, hiyo ni presha ya juu. Hospitali wanatumia 140 kwa 90, kwa sababu ukishaliona koti jeupe namba inapanda yenyewe. Ila lengo lako wewe unayemeza dawa, hasa kama umevuka miaka 80 au mwili umechoka, atakupangia daktari wako. Usiazime lengo la jirani.

Jambo la mkanda nalisema kwa akina mama wenzangu tulioneemeka. Mikanda mingi inayokuja na mashine ni ya mkono wenye mzunguko wa sentimita 22 hadi 32. Imeandikwa hapohapo kwenye kitambaa. Chukua futi ya fundi cherehani, upime mkono wako katikati ya bega na kiwiko. Ukiwa umezidi 32, mkanda huo unakubana na namba inayotoka ni ya uongo, itakuwa juu kuliko presha yako. Mtu anaweza kuongezewa dawa kwa kosa la kitambaa. Mikanda mikubwa inauzwa. Mwambieni mtoto anunue huo kabla ya kununua kingine chochote. Na mashine ya kufunga kwenye kifundo cha mkono siipendi. Inataka mkono ushikiliwe sawasawa na moyo, nani ana subira hiyo? Chukueni ya mkono wa juu.

Mara ya kwanza pima mikono yote miwili, kisha siku zote utumie ule uliotoa namba kubwa.

Ukishatulia na dawa zako huna haja ya kupima kila siku mwaka mzima, sembuse mara 10 kwa siku. Yupo anayepata 150 akashtuka, akapima tena papo hapo akapata 158, akaogopa, akapima tena akapata 165. Anachopima saa hiyo ni hofu yake.

Sasa kazi za namba. Hizi ziandikeni ukutani, kando ya kalenda. Ya juu ikifika 180, au ya chini ikifika 120, tulia dakika 5 upime tena. Ikibaki hapo na kifua kinabana, au pumzi haitoshi, au macho yamebadilika, au upande mmoja umelegea, au maneno hayatoki, ondoka saa hiyohiyo. Ikibaki hapo na huna dalili hata moja, usijiongezee vidonge kwa mkono wako. Siku hiyohiyo mwone mtoa huduma.

Na namba nzuri nayo ina kazi, ndiyo inayosahaulika. Mtu anaona 122 kwa 78, anafurahi, anasema nimepona, vidonge anavifungia kabatini. Mama yangu, hujapona. Vidonge ndivyo vilivyoileta namba hiyo hapo. Kazi ya namba nzuri ni kukwambia endelea.

Niingie kwenye jambo ambalo limenikera miaka mingi, na hapa naongea na vijana. Mmenunua mashine, ahsanteni. Kisha kila asubuhi simu inalia: "Mama, leo ngapi?" Mama anasema 160. "160! Umekula nini? Si nilikukataza samaki mkavu, ng'onda? Hivi mama unataka kutuua?" Kesho simu ikilia mama anasema 130. Keshokutwa 130. Wiki nzima 130 kwa 80. Mtoto kule Dar anawaambia wenzake mama anaendelea vizuri. Mama hajapima hata siku moja.

Mnacheka kwa sababu mnajijua.

Sisi wauguzi madaftari hayo tunayatambua yakiwa bado mkononi. Namba zote zinaishia na sifuri, wino mmoja, mwandiko mmoja, mwezi mzima umeandikwa asubuhi ya kliniki. Simlaumu mzee. Mtu aliyewalea watoto sita hawezi kuhojiwa kila kukicha kama mtoto aliyechelewa kurudi chuoni. Ukitaka namba ya kweli, ipokee namba kwa utulivu. Sema, "Ahsante mama, umeiandika? Tutampelekea daktari." Basi. Ng'onda tutaizungumza siku nyingine, na kweli iko haja ya kuizungumza, kwa sababu Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai kwa vyote anavyokula, na papa mkavu mmoja wa nazi anaweza kuimaliza hesabu hiyo mchana mmoja. Lakini isiwe saa ya kupima.

Daftari liwe la mzee, likae pale mashine inapokaa. Tarehe, saa, ya juu, ya chini, mapigo, na nafasi ya neno moja: sikulala, nilikuwa na msiba, dawa iliisha. Neno hilo moja lina faida kubwa kwa daktari. Namba 170 iliyoandikwa "dawa iliisha Jumatano" haitibiwi sawa na 170 ya mtu ambaye hajakosa kidonge.

Macho yakiwa hayaoni, mjukuu aandike, ila mzee asomewe. Na kuna wazee wetu hapa, hasa akina bibi, waliosoma chuo cha Kurani na wanaandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu vizuri kuliko mimi ninavyoandika hizi za shule. Msione haya, andikeni. Ila namba zinakilini kama mashine inavyozionyesha, kwa sababu tano ya Kiarabu inafanana na sifuri ya huku, na sita ya Kiarabu inafanana na saba. Muuguzi kijana asiyezijua atasoma mengine kabisa.

Kabla sijaiacha presha, kuna hii mnayoiita ya kushuka. Unainuka kutoka kwenye sijida, ukumbi unazunguka, unashika ukuta. Hiyo ipimeni pia. Pima ukiwa umekaa, halafu simama, upime baada ya dakika 1 na baada ya dakika 3, mtu akiwa kando yako. Ya juu ikianguka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, mwambie daktari. Huenda dawa imezidi, huenda maji mwilini hayatoshi. Mzee akianguka akavunjika nyonga, presha nzuri ya asubuhi ile haitamfaa kitu.

Tuje kwenye sukari. Huku mambo ni magumu zaidi kwa sababu stripu, vile vijikaratasi vya kupokelea damu kwenye mashine, zinaisha na zinagharimu. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu mzee kuanzia miaka 60, na kwenye vituo kuna dirisha la wazee, mlitumie. Lakini stripu za nyumbani, kwa wengi wetu, zinatoka mfukoni mwa familia. Kwa hiyo namba ya sukari ndiyo hasa inayotaka kazi. Mwenye kumeza metformini peke yake, ametulia, hana haja ya kujichoma kila siku. Anayejidunga insulini anahitaji kupima mara nyingi, maana kipimo cha sindano kinategemea namba. Muulize daktari saa zako ni zipi, usichome kidole kwa mazoea.

Nawa mikono kwa maji na sabuni, ukauke. Embe tu, au chungwa la Muheza ulilomenya sasa hivi, likibaki kwenye ncha ya kidole linakupa sukari ya chungwa, si ya damu yako. Choma ubavuni mwa kidole, si katikati, kutauma kidogo na kidole hakitakufa ganzi. Stripu zikae kwenye kichupa chake, kifuniko kikazwe papo hapo. Hewa yetu ya pwani ina unyevu na unyevu unaziharibu. Angalia tarehe ya mwisho. Kifaa cha kuchomea hakiazimwi, hata kwa mume, hata ukibadilisha sindano, kwa sababu damu kidogo tu inatosha kupitisha homa ya ini. Mashine ya presha ndiyo ya kuazimana. Kama nyumba tatu hapa Makorora zinaweza kuchanga wakanunua moja nzuri yenye mkanda mkubwa, mimi naona ni bora kuliko kila nyumba na mashine yake mbovu. Sindano zilizotumika ziingie kwenye chupa ya plastiki ngumu yenye kifuniko, ikijaa ipelekwe kituoni.

Asubuhi kabla ya kula, 7.0 na zaidi, kwa mashine inayosoma mmol/L, ni ya kisukari. Kwa aliye kwenye dawa, lengo tena ni la daktari, na kwa mzee mara nyingi hulegezwa kwa makusudi. Sababu ni hii: mzee anauawa na sukari ya chini haraka kuliko anavyouawa na ya juu. Chini ya 4, hiyo ni hatari ya dakika, si ya miezi. Jasho, kutetemeka, njaa ya ghafla, kisha maneno hayaeleweki, anakasirika ovyo, hamtambui mwanawe. Hapa pwani mtu huyo anadhaniwa kapandisha pepo, watu wanatafuta ubani. Ubani baadaye. Kwanza pima. Mashine haipo? Mpe tu. Vijiko 3 au 4 vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Baada ya dakika 15 pima tena, ikiwa bado chini rudia, ikipanda apewe chakula. Aliyezimia usimtilie kitu mdomoni, mkimbize hospitali.

Na hapa nawaambia jambo moja la dawa. Wengi wetu wenye kisukari tunameza glibenklamidi. Ni dawa ya siku nyingi, lakini ina tabia ya kushusha sukari mno kwa wazee, na Shirika la Afya Duniani kwenye orodha yake ya dawa muhimu limeeleza kuwa haiwafai waliovuka miaka 60. Usiende kuitupa leo. Nenda na daftari lako, umuulize daktari kama ipo nyingine inayokufaa. Ukiwa na namba za chini ulizoandika na saa zake, mazungumzo hayo yatakuwa mafupi.

Ramadhani inaingia, na hapa ndipo nilipoulizwa maswali mengi kuliko kwingine kote.

Aliye na kisukari amwone daktari kabla mwezi haujaandama, kwa sababu dawa zinabadilishwa saa na vipimo. Vizuri ni wiki 6 hadi 8 kabla, lakini hata kesho si mbaya. Anayejidunga insulini, au mwenye figo zilizochoka, au aliyewahi kuzimia kwa sukari ya chini, ataambiwa asifunge, na asikasirike. Kwenye Sura Al-Baqara, aya ya 184 na 185, mgonjwa amepewa ruhusa waziwazi. Mwanachuoni wa msikitini kwenu atakueleza habari ya fidia vizuri kuliko mimi.

Atakayefunga kwa idhini ya daktari, apime. Kuchoma kidole hakufunguzi saumu, masheikh wengi wameshalisema hilo. Pima kabla ya daku, pima adhuhuri, pima alasiri ile ya mwisho kabla ya adhana, ndiyo yenye hatari zaidi, na saa 2 baada ya kufuturu. Ikishuka chini ya 3.9, fungua saumu. Ikipita 16.6, fungua. Hata kama imebaki dakika 10. Nawajua wazee wangu, mtasema dakika 10 ni nini. Dakika 10 zinatosha mtu kuanguka mlangoni mwa msikiti.

Na ile ya saa 2 baada ya futari ndiyo itakayokuonyesha ulichofanya. Muhogo wa nazi, tambi za sukari, uji, kaimati zilizolowa shira, na tende juu yake. Sikatazi futari ya Tanga, nani atanisikiliza? Nasema pima siku mbili tatu, uone kaimati zinakufanyia nini wewe binafsi. Mtu akiiona 18 yake mwenyewe, kaimati zinapungua bila mkwe kugombana na mtu.

Mwenye insulini asiye na friji: chupa ambayo haijafunguliwa ndiyo inayotaka baridi ya nyuzi 2 hadi 8, muachie jirani mwenye friji au kituo cha afya, isigande. Iliyofunguliwa hukaa nje karibu wiki 4, isipate jua. Mtungi wa udongo uliolowanishwa unasaidia, chupa ikiwa ndani ya kikopo kikavu, ila joto la kuanzia Januari hadi Machi likichanganyika na unyevu, mtungi haupozi kama unavyopoza bara. Miezi hiyo msiutegemee sana.

Miguu ya mwenye kisukari: itazame kila siku, weka kioo chini uone nyayo, usitembee pekupeku hata uani. Sukari nimeimaliza.

Mwenye ugonjwa wa moyo, mzani ndio mashine yako. Kila asubuhi baada ya msalani, kabla ya chai, kwenye sakafu ngumu. Ukiongezeka kilo 2 ndani ya siku 3, hujanenepa, ni maji, nenda kliniki. Asiye na mzani abonyeze mguu kwa dole gumba aone kama linabaki shimo, na ahesabu mito: aliyekuwa analalia mmoja na sasa hapati pumzi bila mitatu, keshapata namba yake. Kile kifaa cha kubana kidole cha kuangalia oksijeni, mkiwa nacho, kisiwekwe kwenye kucha yenye piko au rangi. Na kwa ngozi nyeusi kama zetu kinaweza kuonyesha oksijeni nyingi kuliko iliyomo, kwa hiyo pumzi ikikusumbua na kifaa kinasema uko salama, iamini pumzi.

La mwisho ni kiharusi, na hili halina mashine. Mdomo umekwenda upande, mkono haunyanyuki, maneno yanatoka vipande. Watu wanasema kapigwa na upepo, wanaita mchuaji, wanaanza kisomo. Dua zisomwe ndani ya bajaji, njiani. Saa za mwanzo ndizo zinazookoa ubongo. Usimpe maji, usimpe dawa yake ya presha wala asprini, maana hamezi vizuri mtu huyo, na pengine mshipa umepasuka kichwani, asprini itazidisha damu. Kumbukeni tu saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho, hilo ndilo swali la kwanza mtakaloulizwa mkifika.

Nimeulizwa na mzee wangu pale mbele kama dawa za asili zinaruhusiwa. Choya, kitunguu saumu, mlonge. Jibu langu: ukivitumia, viandike kwenye daftari kama ulivyoandika vidonge, usivifiche. Baadhi vinashusha kweli presha au sukari kidogo, na vikikutana na dawa ya hospitali vinaweza kukushusha kupita kiasi. Daktari akijua, anaweza kupanga. Usipomwambia, atatafuta sababu mahali ambapo haipo.

Haya. Waliokuja na mashine zao msiondoke. Pale mezani tuna mashine moja tunayoiamini na mikanda ya saizi mbili. Tutakupima mkono uleule, yako na yetu kwa kupokezana, uone zinapishana kwa kiasi gani. Na zoezi hili mlirudie kliniki walau mara moja kwa mwaka. Betri zilizoota kutu nimeshaziona kutoka hapa, kijana mmoja akimbie dukani. Wenye za kwenye kifundo njooni pia, sitawagombeza. Mwenye daftari la hati za Kiarabu anione mimi mwenyewe. Tupange foleni kwa umri, mkubwa atangulie, na msipunguze miaka.